Saba kwa Mbili, Baki Moja

Tangu Jumatatu Sikudhani hakuwa amekaa kitako. Alikula amesimama, alisoma amesimama, na kiti chake alikuwa amekisukuma ukutani na kukipandishia mafaili. Aliizunguka meza mpaka zulia likaonyesha njia yake. Wenzake walidhani ni furaha: kazi ya miaka sita ilikuwa imebakiza neno moja tu, na mtu aliyebakiza neno moja ana haki ya kutotulia. Yeye mwenyewe hakujua amepatwa na nini. Kila alipotaka kukaa, mwili ulimwambia bado.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mji ule haukuwa na jina, kwa kuwa wakazi wake hawakujua mji mwingine wa kuutofautisha nao. Uliendeshwa na programu. Lifti, milango ya hospitali, saa za ukutani, kengele za shule, mabomba ya maji, kila kimoja kilikuwa na programu yake, na programu zote zilitoka katika jengo moja lililoitwa Mkusanyiko. Zilikuwa elfu nne mia moja na kumi na mbili. Waliozitunga walikuwa watu mbalimbali, baadhi yao wamekwisha kufa, lakini zote zilitungwa kwa lugha moja, na lugha hiyo ilikuwa na matoleo. Toleo la Kwanza lilikuwa limesahaulika. La Pili ndilo lililozungumzwa na mashine zote tangu Sikudhani akiwa mtoto. La Tatu lilikuwa tayari, limepimwa, linangoja. Na katika kile chumba alichokizunguka palikuwa na faili moja dogo kuliko yote, lenye neno moja, ambalo watu wa Mkusanyiko waliliita Mshale. Programu ikiita lugha bila kutaja toleo, Mshale uliijibu: nenda kwa la Pili. Karibu programu zote hazikutaja. Sikudhani alitakiwa afute "Pili" aandike "Tatu", Ijumaa, saa sita mchana. Basi.

Basi. Lakini nani huamua pale ambapo hakuna aliyeamua? Swali hilo lilikuwa limemwingia kama punje ya mchanga jichoni, na halikutoka. Mgeni anaingia nyumbani, hasemi anataka nini, anapewa chai. Chai hiyo si agizo lake. Si agizo la aliyeichemsha pia, naye alifanya kama inavyofanywa. Imetoka wapi? Anayetoa amri huonekana, hupingwa, huchukiwa, na kuchukiwa nako ni namna ya kujulikana. Mshale hauamuru. Mshale unangoja unyamaze. Ukinyamaza unakuwa umesema, na ulichosema ni kile ulichotiwa mdomoni na mtu aliyekufa kabla hujazaliwa. Programu elfu nne zimenyamaza. Mji mzima umenyamaza. Na mimi, aliwaza akikata kona ya meza, mimi ni nani hata nibadilishe maana ya kimya cha watu?

Kwa kweli alijua alivyoifikia kazi ile, na haikuwa kwa falsafa. Ilikuwa kwa ndoo.

Maji ya mji yaligawiwa na programu iitwayo Mgao. Mji ulikuwa na safu mia mbili, kila safu nyumba mbili, na kila asubuhi kila safu ilipewa ndoo saba. Mgao uligawanya saba kwa mbili. Toleo la Pili halikujua nusu. Liliulizwa saba kwa mbili likajibu tatu, na ile moja iliyobaki likaiacha idondoke bila kusema neno. Mama yake Sikudhani, Bi Chausiku, aliwalea watoto wanne katika Safu ya Arobaini kwa ndoo tatu. Ya kwanza ya kupikia, ya pili ya kunywa, ya tatu ya kuwaogesha wote, mmoja baada ya mwingine, na Sikudhani, kwa kuwa ndiye mkubwa, alioga wa mwisho, maji yakiwa na rangi ya wadogo zake. Kila asubuhi mama alikinga ndoo ya nne, akangoja, akaligonga bomba kwa kijiko, akaondoka. Toleo la Tatu lilijua nusu. Saba kwa mbili, tatu na nusu. Sikudhani aliposikia hivyo mara ya kwanza, darasani, alitoka nje akalia, kisha akarudi akaomba apewe kazi ile.

Wiki mbili zilizopita Mkusanyiko ulikuwa umelijaribu Toleo la Tatu mji mzima kwa siku saba, kisha ukarudisha la Pili ili kurekebisha yaliyojitokeza. Yaliyojitokeza yalikuwa madogo. Lifti moja ilisimama kati ya ghorofa mbili kwa sababu ilikuwa imefundishwa nusu. Mgao haukuonyesha kosa lolote. Halafu Jumatatu ikaja barua, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mfuko wa saruji:

*Wiki mliyojaribu, maji hayakufika Baki. Kabla hamjajaribu tena, njooni mtuone. Mwanamvu, mlezi wa Mgao.*

Kila programu ilikuwa na mlezi wake, mtu mmoja wa kuitunza na kujibu ikiharibika. Katika orodha ya Mkusanyiko, mlezi wa Mgao alikuwa hajajibu chochote kwa miaka kumi na moja.

Alhamisi asubuhi Bi Asumini, mkuu wa matoleo, aliingia chumbani. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kuonekana na haraka.

"Mgao umejengwa upya bila kosa?" aliuliza.

"Umejengwa, Bi Asumini."

"Majaribio?"

"Umepita yote."

"Sasa kinachokukosesha raha ni nini?"

Sikudhani akampa barua. Bi Asumini aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu.

"Baki si mahali," alisema. "Baki ni neno la hesabu. Nimekaa na ramani ya mji huu miaka ishirini na mitano."

"Ndilo linalonisumbua. Ameandika maji hayakufika Baki, kama mtu anavyosema hayakufika nyumbani."

"Sikudhani, mwanangu. Kila nyumba ya mji huu imepunjwa nusu ndoo kila siku. Hata kwenu. Unataka niwaambie wangoje kwa ajili ya kipande cha mfuko wa saruji?"

"Nataka leo tu. Nilifuate bomba mpaka linapoishia. Kesho saa sita nitakuwa hapa."

"Na usiporudi?"

"Mtu yeyote anaweza kuandika neno moja."

"Anaweza," Bi Asumini alisema. "Ndiyo maana nataka uwe wewe."

Bomba kuu lilitoka nyuma ya Mkusanyiko, nene kama kiwiliwili cha mtu, likateremka kupitia safu baada ya safu, likikonda kila lilipopita. Sikudhani alilifuata kwa miguu. Kadiri alivyoteremka ndivyo programu zilivyokuwa za zamani zaidi, kwa kuwa mapya hufika juu kwanza na huchoka njiani. Saa za ukutani nazo ni programu. Safu ya Kumi saa zilionyesha jana. Safu ya Ishirini zilionyesha wiki iliyopita, na watu walikuwa wakiishi wiki hiyo kwa uaminifu, wakijiandaa kwa harusi ambayo yeye alikwisha kula pilau yake. Hakuna aliyeshangaa. Leo ni ile uliyoambiwa na saa, na saa imeambiwa na lugha, na lugha imeelekezwa na Mshale. Alitembea ndani ya asubuhi isiyokwisha, maana kila alipokaribia mchana aliingia katika asubuhi ya zamani zaidi.

Safu ya Arobaini ilikuwa bado katika wiki ya majaribio. Alimkuta Bi Chausiku uani, mbele yake ndoo nne, ya nne ikiwa na maji mpaka katikati, naye ameketi akiitazama kama anayemtazama mgeni aliyekawia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone." Mama alitia kidole katika ile nusu, akakitoa. "Jana nimefulia kanga. Kanga moja, kwa maji yake yenyewe, nikaisuuza. Unajua mara ya mwisho kusuuza kitu ilikuwa lini?"

"Mama, zikirudi kuwa tatu?"

"Zirudi kwa nini? Si mmeshalitengeneza bomba?" Bi Chausiku alicheka kidogo. "Nilijua tu lilikuwa bomba."

Sikudhani hakuweza kumweleza. Alikunywa kikombe kimoja cha maji kutoka ndoo ya nne, kwa kuwa mama alilazimisha, akaondoka akiwa na kiu zaidi ya alipoingia.

Kuanzia Safu ya Mia na Hamsini majina yalianza kukatika. Toleo la Pili, katika siku zake za mwanzo, lilishika jina la herufi nane tu. Zilizozidi lilizitupa, na huku chini halikuwa limerekebishwa. Fundi viatu mmoja aliyekaa kibarazani alimwita.

"Sikudhan. Viatu vyako viko tayari."

Alitaka kusema kwamba hajawahi kufika hapa. Lakini fundi alikuwa amekwisha kuvitoa chini ya meza, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, kama vinavyolika viatu vyake vyote. Alivijaribu. Vilimtosha.

"Nilivileta lini?" aliuliza.

"Ulipokuja na mumeo."

"Sina mume."

"Basi ulikuja kabla hujamkosa," fundi alisema bila mzaha, akarudi kwenye sindano yake. "Wasalimie Baki. Mwambie Mwanamvu maji ya jana yalikuwa na kutu."

Alitembea akilifikiria jina lake. Sikudhan. Herufi ya tisa ilikwenda wapi? Darasani walifundishwa kwamba kinachozidi hutupwa, na hakuna mwanafunzi aliyeuliza hutupwa wapi. Ndani ya mashine hakuna jalala. Lakini kitu hakiwezi kudondoka tu, kinadondokea. Ukikata jina la mtu, kuna mahali linalia i, i, i, bila mwili. Ukikata ndoo. Ukikata siku. Watu wangapi wameandikwa kwa herufi nane na wanaishi kwa ya tisa? Alianza kutembea upesi, kisha akakimbia kidogo, mwanamke wa miaka thelathini na minane katika viatu ambavyo aliviacha mtu mwingine aliyekuwa yeye.

Ramani iliishia Safu ya Mia Mbili. Bomba halikuishia hapo. Liliendelea, jembamba kama kiwiko cha mtoto, likapita kwenye uwanda wa mawe, na mwisho wake kabisa palikuwa na tangi la chuma, na kulizunguka tangi, nyumba. Zilijengwa kwa mifuko ya saruji, mabati yaliyopigwa nyundo yakanyooka, milango iliyokuwa meza. Watu mia mbili na kumi na watatu, alikuja kuambiwa. Kila asubuhi ndoo moja ilidondoka kutoka kila safu, ndoo mia mbili, karibu ndoo moja kwa mtu. Hapakuwa na saa popote. Wakati nao ulifika pale kwa mabaki, dakika zilizozidi huko juu, na watu waliutumia kwa uangalifu.

Mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi alikuwa amepiga magoti kando ya tangi akifunga mpira kwenye bomba linalovuja. Sikudhani alimjua kabla hajaambiwa. Mikono ile ilikuwa imezoea vitufe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa wiki mbili."

"Wewe ndiye Mwanamvu?"

"Mwanamvua. Ile a sijaidai." Alikaza mpira, akajifuta mikono. "Sema ulichokuja kusema."

"Nimekuja kuona."

"Basi ona."

Alimwongoza kati ya nyumba. Wakati wanatembea, mwanamke mmoja aliwapita na ndoo kichwani, akawasalimu, akaendelea. Alikuwa na uso wa Sikudhani, wenye uchovu zaidi na utulivu zaidi. Sikudhani alisimama akamfuata kwa macho mpaka alipoingia mlangoni.

"Yule ni nani?"

"Sikudhan. Alifika mwaka ule majina yalipokatwa." Mwanamvua hakuona ajabu yoyote. "Ni mwalimu wa watoto. Hesabu inamshinda, lakini ana subira."

Walisimama chini ya kivuli cha tangi, naye Mwanamvua akasimulia, kwa kifupi, kama mtu anayesoma taarifa. Mgao aliuandika akiwa na miaka ishirini na tisa. Aliiuliza lugha saba kwa mbili, ikamjibu tatu, naye akajua moja inadondoka. Alikwenda kwa mkuu wa wakati ule akamwambia. Akajibiwa lugha ndivyo ilivyo. Basi akalifuata bomba aone inakodondokea, akamkuta mtu mmoja amekinga sufuria.

"Mmoja?"

"Mmoja. Mwaka uliofuata walikuwa kumi na wawili. Watu hufuata maji. Waliohamishwa, waliofutwa, waliokosa kuandikwa. Nikaja kuwaambia waondoke, maana siku moja lugha itabadilika. Nikaolewa hapa."

"Na wiki ile ya majaribio?"

"Siku ya kwanza tulidhani ni uchafu kwenye bomba. Siku ya tatu tuliwanywesha watoto tu. Siku ya tano mume wangu alifariki. Si kwa kiu, usiniangalie hivyo, aliugua siku nyingi. Lakini tulitafuta maji ya kumwosha tukakosa. Tulimfanyia tayamamu. Kwa vumbi. Mtu aliyelilinda tangi hili miaka ishirini."

Sikudhani aligundua mikono yake ilikuwa inatafuta ukingo wa meza wa kushika, na pale hapakuwa na meza.

"Kwa nini hamkujiandikisha?" alisema hatimaye. "Mngekuwa safu. Safu hupewa maji."

"Wengi waliopo hapa waliwahi kuandikwa. Waliandikwa vizuri kabisa, ndipo wakapatikana wakahamishwa. Waulize kama wanataka tena."

"Kwa hiyo mnaishi kwa nusu ndoo ya mama yangu."

Alilisema kabla hajalipima. Mwanamvua alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza kwa upole.

"Ndiyo," alisema. "Sikujua ni ya mama yako. Lakini ndiyo."

Tangi lilinguruma, tone moja, tone jingine. Sikudhani alitoa ile barua ya mfuko wa saruji, akaigeuza upande usioandikwa, akaomba kalamu. Akaandika saba, akapiga mkwaju mmoja, ule mstari wa mshazari wa kugawanyia, akaandika mbili.

"Katika La Tatu," alisema, "mkwaju mmoja unagawanya kwa haki. Tatu na nusu." Akaandika tena, safari hii kwa mikwaju miwili. "Na mikwaju miwili inafanya kama zamani. Tatu, baki moja. Lugha mpya haijakataza kudondosha. Imekataza kudondosha kimyakimya. Ukitaka baki ianguke, lazima uandike kwamba unataka ianguke. Ni alama moja tu, Mama Mwanamvua. Uiongeze leo, na kesho nikibadilisha neno langu, hapa hapatabadilika kitu."

"Unadhani sijasoma La Tatu? Nimelisoma miaka minne."

"Basi kwa nini hukuongeza?"

"Kwa sababu mkwaju wa pili una mwandishi." Mwanamvua alichukua karatasi, akaishika mbali kidogo na macho. "Miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyemnyima mama yako nusu ndoo. Lugha ilimnyima, na lugha haina mlango wa kubishwa. Nilikuwa nalala. Nikiongeza huu, ni mimi. Kila nyumba ya safu mia mbili, kila asubuhi, ni mimi. Nilikuwa na moyo wa namna hiyo zamani, nikautumia kuja huku. Umekwisha. Na zaidi ya hapo, ufunguo wa Mkusanyiko nimeupoteza. Anayeweza kuandika ni yule atakayekubali kuwa mlezi."

Alimrudishia karatasi. Sikudhani aliipokea. Hakuuliza tena, wala Mwanamvua hakumwomba. Kama angemwomba, ingekuwa rahisi zaidi.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda, maana kila safu ilimrudishia siku alizoziacha, na zilimlalia mabegani zote pamoja. Njiani akili yake haikutulia hata hatua mbili. Niandike. Nisiandike. Nikikaa kimya nimeandika, nimewaandikia kiu. Nikiandika nimemnyima mama kwa mkono wangu mwenyewe, mkono uleule uliooga maji ya wa mwisho. Hakuna pa kusimama nje ya jambo hili. Kumbe miaka yote sita nilidhani naenda kuweka haki mahali pa dhuluma, na pale pa dhuluma pana watu wamejenga, wamezaa, wamezika. Kuna njia ya kugawa saba isiyomdondosha mtu? Ndiyo, ipo: kuwa na nane. Lakini sikuulizwa nane. Nimeulizwa saba.

Alipofika Safu ya Arobaini, saa za pale zilionyesha Ijumaa, wiki ya majaribio ikiwa imekwisha. Uani palikuwa na ndoo tatu zenye maji na moja tupu. Bi Chausiku alikuwa akiosha mchele, akayahifadhi maji ya mchele kwenye bakuli.

"Zimerudi kuwa tatu," alisema.

"Mama, halikuwa bomba."

Akamweleza yote akiwa amesimama, tangu sufuria ya yule mtu mmoja hadi tayamamu. Bi Chausiku aliendelea kuosha mchele mpaka ukawa mweupe kupita kiasi. Kisha akaacha.

"Wako wangapi?"

"Mia mbili na kumi na watatu."

"Miaka yote nimeligonga bomba kwa kijiko," mama alisema. "Nililisema vibaya. Nililisema mbele ya watu." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Sasa wewe utaandika kwamba ni tatu."

"Tatu kwa kila nyumba. Ile moja iende kwao."

"Na usipoandika?"

"Utapata nusu yako. Nao hawatapata kitu."

"Kwa hiyo umekuja kuniomba."

"Sijaja kukuomba. Nimekuja ulisikie kwangu kabla hujalisoma."

Bi Chausiku alimtazama muda mrefu, kama anayehesabu miaka ya mtu usoni mwake.

"Vizuri hukuomba," alisema. "Ungeniomba ningekataa. Nakwambia kweli, ningekataa." Akainua bakuli la maji ya mchele akaliweka kivulini. "Nenda. Usiwacheleweshe."

Saa tano na nusu Sikudhani alikuwa mbele ya mashine, amesimama. Alijiandikisha kuwa mlezi wa Mgao. Orodha ikaliondoa jina lenye herufi nane, ikaweka lake lenye tisa. Alifungua programu. Mstari wenyewe ulikuwa wa sitini na mmoja, mfupi, wa mtu aliyekuwa na miaka ishirini na tisa na hakuwa na hofu. Saba, mkwaju, mbili. Aliweka kidole kwenye kitufe akakiacha pale. Nje, mji ulisikika ukifanya kazi zake. Alibonyeza. Mikwaju ikawa miwili.

Kisha chini yake, mahali ambapo watungaji huandika maneno yasiyosomwa na mashine bali na mkazi yeyote anayeifungua programu, aliandika: *Ndoo moja ya kila safu inakwenda Baki, mwisho wa bomba, wanakoishi watu. Haikudondoka. Nimeipeleka mimi, Sikudhani wa Safu ya Arobaini. Mwenye neno aje Mkusanyiko, chumba cha tatu.*

Bi Asumini alikuwa amesimama nyuma yake. Alisoma juu ya bega lake, taratibu, bila haraka kama kawaida.

"Huu mkwaju wa pili ni wako?"

"Ni wangu."

"Watu wamengoja nusu yao miaka thelathini na mmoja."

"Najua. Mmoja wao amenizaa."

"Ninaweza kuufuta. Nina mamlaka hayo."

"Unayo, Bi Asumini. Ukiufuta, andika jina lako pale nilipoandika langu."

Bi Asumini aliutazama ule mstari. Mkono wake ulisogea kuelekea mashine, ukafika katikati, ukarudi kwenye miwani. Saa ya ukutani iligonga sita. Sikudhani alifungua lile faili dogo kuliko yote, akafuta neno, akaandika neno.

Mji haukutetemeka. Saa zote zilikubaliana siku kwa mara ya kwanza, na watu wa safu za chini wakagundua kwa mshangao mdogo kwamba wameshazeeka. Herufi zilizokatwa zilirudi kwenye majina. Fundi viatu mmoja aliambiwa jina lake kamili na mteja, akaomba arudiwe. Lifti zilijifunza nusu. Mahali pote palipogawanywa kitu kwa kimya, sasa palitoka vipande kamili, robo, theluthi, na watu walivitazama vipande hivyo mikononi wasijue bado waviweke wapi. Maji peke yake yaliendelea kuja ndoo tatu, na kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa kimebadilika, watu waliyaona.

Saa tisa alasiri mlango wa chumba cha tatu ulibishwa. Aliyeingia alikuwa mwanamume mnene wa makamo, amevaa shati lililopigwa pasi kwa ajili ya safari, mkononi ana karatasi aliyonakili ule mstari kwa mwandiko mkubwa. Alikuwa na hasira, na alikuwa ameiandaa. Ilionekana midomo yake imeyarudia maneno njia nzima. Miaka yote watu walipofika katika jengo lile walikuja kuzilalamikia mashine, na mashine zina dirisha lake, ghorofa ya chini, wanakosema wakaondoka.

"Nimetoka Safu ya Kumi na Tisa," alisema. "Namtaka huyu aliyeandika hapa. Sikudhani."

"Ni mimi."

Mtu yule alifungua mdomo. Alimtazama yule mwanamke mwenye vumbi miguuni, mwenye macho ya mtu asiyelala, anayemngoja aseme. Akaangalia karatasi yake, kisha akaikunja mara moja, na mara nyingine, kama mtu aliyekuta maneno yake yalikatwa kwa kipimo cha mashine, si cha mtu.

Aliliweka shati sawa, akaanza upya, kwa salamu.